Mkulima wa mahindi na maharagwe anaonyeshwa kama mkulima wa wimbi: nimekosea wapi katika enamu yangu ya alama za biti?

kijana_wa_Kanduyi (Bungoma) aliuliza:

Wanajukwaa, hamjambo. Nimeandika mfumo mdogo wa kuwasajili wakulima kwa niaba ya chama kimoja cha wakulima katika Kaunti ya Bungoma, na ninaomba msaada wenu kwa sababu data iliyomo ndani yake imeanza kusema mambo yasiyo ya kweli. Maafisa wetu wa nyanjani huzunguka vijijini wakiwa na simu, humwuliza mkulima anapanda mazao gani, kisha hutia tiki kwenye visanduku vinavyohusika. Mkulima mmoja anaweza kuwa na tiki moja, na mwingine akawa nazo tano. Kwa kuwa nilitaka majibu yote ya swali hilo yakae katika safu moja ya jedwali la wakulima, nilitumia enamu ya C# (orodha ya majina ambayo kila moja lina nambari yake) na kuiwekea juu yake sifa ya Flags, ile inayosema kwamba majina kadhaa yanaweza kukaa pamoja katika nambari moja, kama nilivyoona wengine wakifanya:

```
[Flags]
enum Mazao
{
    Hakuna, Mahindi, Maharagwe, Wimbi, Mtama, Mihogo, Viazi
}
```

Fomu inapowasilishwa, programu huchukua kila zao lililotiwa tiki, huyaunganisha yote kwa alama ya `|`, na nambari inayopatikana huhifadhiwa katika hifadhidata ya MySQL kwenye safu inayoitwa `mazao`. Nilipokuwa nikijaribu, nilitia tiki kisanduku kimoja kimoja, kila zao likarudi kwa jina lake, nami nikaridhika kwamba kazi imekamilika.

Tatizo lilijitokeza wiki iliyopita katika mkutano wa kupanga mbegu karibu na Chwele. Nilikuwa nimechapisha orodha ya wanachama na mazao yao ili kila mmoja aithibitishe kabla ya chama kuagiza mbegu. Mama mmoja aliitazama karatasi kwa muda, akaweka kidole kwenye mstari wake, akaniuliza: "Mwanangu, nani amekuambia ninapanda wimbi? Mimi napanda mahindi na maharagwe. Wimbi nililiacha kwa mama mkwe." Nilipofungua hifadhidata jioni hiyo nilikuta mbele ya jina lake nambari 3. Nikaendelea kuangalia, nikakuta kwamba wengi wa wale wanaopanda mazao mengi wanaonyeshwa kwa maneno yale yale, "Mahindi, Viazi", hata wale ambao ninajua kwa hakika kwamba hawana viazi shambani.

Ninaomba kujua mambo matatu. Kwanza, kosa liko wapi hasa? Pili, je, inawezekana kuirekebisha data iliyokwisha kuingizwa bila kuwarudia wakulima? Fomu za karatasi ambazo maafisa walizijaza kwanza bado ziko kwenye kabati la ofisi, lakini ni nyingi. Tatu, chama kinataka niongeze swali la siku za soko ambazo kila mkulima hupeleka mazao yake, na sijui kama nitumie mtindo huu tena au niuache kabisa.

---

fundi_wa_Nyalenda (Kisumu) alijibu:

Ndugu yangu, pole kwa yaliyokupata mbele ya wazee. Kosa lako ni la kawaida, na limetokana na imani kwamba sifa ya Flags hubadilisha namna kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako kwa lugha ya tarakilishi) inavyozipa thamani za enamu nambari. Sivyo ilivyo. Sifa hiyo hugusa zaidi namna thamani inavyoandikwa kwa maneno, lakini kuhesabu kunabaki pale pale: usipotaja nambari wewe mwenyewe, ya kwanza huwa 0, inayofuata 1, kisha 2, kisha 3, na kuendelea. Kwa hiyo enamu yako imewapa Mahindi 1, Maharagwe 2, Wimbi 3, Mtama 4, Mihogo 5 na Viazi 6, na humo ndimo matatizo yote yalimoanzia.

Wewe uliyekulia upande huu wa nchi huenda umewahi kuona wazee wakicheza ajua, ule ubao wenye mashimo. Chukua safu moja ya mashimo, na useme kwamba kila shimo ama lina kete moja ama ni tupu. Hivyo ndivyo nambari inavyokaa ndani ya tarakilishi, na kila shimo ndilo tunaloliita biti. Shimo la kwanza kutoka kulia lina thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, kila moja likiwa mara mbili ya lililotangulia. Ili majibu mengi yakae pamoja katika nambari moja bila kuchanganyika, kila zao sharti liwe na shimo lake lisilotumiwa na zao jingine. Sasa tazama enamu yako ikiandikwa kwa mashimo:

```
Mahindi     1    001
Maharagwe   2    010
Wimbi       3    011
Mtama       4    100
Mihogo      5    101
Viazi       6    110
```

Wimbi halina shimo lake hata moja. Limekalishwa juu ya shimo la mahindi na shimo la maharagwe kwa pamoja. Yule mama alipotiwa tiki mbili, programu ilichukua 001 na 010, ikaziunganisha zikawa 011, na ilipokuja kuisoma nambari hiyo ikakuta kwamba ina jina lake tayari, yaani Wimbi. Haikukosea. Ilisoma sawasawa kile ulichoiambia.

Suala la "Mahindi, Viazi" linatokana na jambo hilo hilo. Mazao yako sita yanagombea mashimo matatu tu, kwa hiyo nambari kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa ni 7. Hakuna zao linaloitwa 7, basi .NET, yaani mfumo unaoendesha programu za C#, huanza na thamani kubwa na kushuka chini: huitoa 6, ambayo ni Viazi, hubaki na 1, ambayo ni Mahindi, na huandika majina hayo mawili. Kila aliyeishia kwenye 7, awe na mazao gani, ataitwa mkulima wa mahindi na viazi.

Kuhusu swali lako la pili, ninasikitika kwamba jibu si zuri. Nimekaa na kalamu nikahesabu. Ukiondoa yule asiye na zao lolote, mazao sita yanaweza kuchaguliwa kwa njia 63. Aliyehifadhiwa kama 1 ni wa mahindi pekee, aliyehifadhiwa kama 2 ni wa maharagwe pekee, na aliyehifadhiwa kama 4 ni wa mtama pekee. Hao watatu unaweza kuwaamini. Aliyehifadhiwa kama 3 anaweza kuwa amechagua kwa njia 5 tofauti: wimbi peke yake, mahindi na maharagwe, wimbi na mahindi, wimbi na maharagwe, au yote matatu. Wa 5 vilevile ana njia 5, na wa 6 pia ana 5. Njia 45 zilizobaki zote zimemiminwa ndani ya 7, na hakuna hesabu itakayozitoa humo, kwa sababu habari yenyewe ilipotea wakati wa kuhifadhi. Kabati la karatasi ndilo litakalokuokoa, na shukuru kwamba hamkuzichoma.

Ama kuhusu kurekebisha enamu yenyewe, andika kila thamani wazi kama kipeo cha mbili:

```
[Flags]
enum Mazao
{
    Hakuna    = 0,
    Mahindi   = 1 << 0,
    Maharagwe = 1 << 1,
    Wimbi     = 1 << 2,
    Mtama     = 1 << 3,
    Mihogo    = 1 << 4,
    Viazi     = 1 << 5
}
```

Maandishi `1 << 3` maana yake ni kuichukua kete iliyo kwenye shimo la kwanza na kuisogeza kushoto mara tatu, ambayo ni 8. Mimi hupenda kuandika hivi kuliko kuandika 8, 16, 32, kwa sababu jicho huona mara moja kama kuna nafasi iliyorukwa au iliyorudiwa. Kuongeza zao hufanywa kwa `|`. Kuliondoa hufanywa kwa `&` (hubakiza kete zilizomo pande zote mbili tu) pamoja na `~` ya zao hilo (hugeuza kila shimo, lenye kete liwe tupu na tupu liwe na kete), na usitumie kutoa kwa kawaida, kwa sababu ukilitoa zao ambalo halikuwamo utaharibu mashimo ya wenzake.

Katika kuuliza, tofautisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Ukitaka anayepanda mahindi na maharagwe yote mawili, matokeo ya `&` sharti yalingane na kinyago chote, yaani nambari ya mazao yote unayoyauliza, ambayo hapa ni 3. Ukitaka anayepanda angalau moja kati ya hayo mawili, inatosha matokeo yasiwe 0. Na usimwulize mtu yeyote kwa `HasFlag`, ile amri ya C# ya kuuliza kama alama fulani imo, kama ana `Hakuna`, kwa sababu jibu litakuwa ndiyo kwa kila mkulima, hata mwenye mazao yote. Sifuri haina kete ya kukaguliwa. Linganisha moja kwa moja na 0.

Utaratibu huu haukubuniwa jana. Ruhusa za mafaili katika Linux zinautumia: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, na ndiyo maana kila jumla kuanzia 0 hadi 7 ina maana moja tu. Nina hakika wewe mwenyewe umewahi kuandika 755 bila kujua kwamba unacheza ajua.

---

mwalimu_wa_majedwali (Kakamega) alijibu:

Ndugu fundi ameeleza kosa vizuri sana na sina la kuongeza hapo. Ninatofautiana naye katika jambo moja, nalo ni kwamba amemsaidia kijana kurekebisha enamu ya mazao, ilhali mimi ninaona mazao hayakupaswa kuwa enamu tangu mwanzo.

Orodha ya mazao haijafungwa. Leo ni sita. Kesho chama kitataka kuongeza ndizi, kesho kutwa karanga, mboga za kienyeji, miwa, na kadhalika. Kila zao jipya litakuhitaji wewe ubadilishe msimbo, uujenge upya na uusambaze kwa simu za maafisa wote, na afisa ambaye simu yake haijapokea toleo jipya atakutana na biti asiyoijua. Kama hilo zao lingekuwa mstari katika jedwali, karani wa ofisi angeliongeza mwenyewe kabla ya chai ya saa nne.

Isitoshe, jiulize chama kitauliza nini baada ya kujua mkulima anapanda nini. Watauliza: ekari ngapi? Msimu gani, wa mvua ndefu au wa mvua fupi? Aina gani ya mbegu? Biti moja inaweza kusema ndiyo au hapana tu, haiwezi kubeba nusu ekari. Uhusiano kati ya mkulima na zao lake ni kitu chenye habari zake chenyewe, na kitu cha namna hiyo kinastahili jedwali lake:

```
wakulima     (id, jina, kijiji)
mazao        (id, jina)
mkulima_zao  (mkulima_id, zao_id, msimu, ekari)
```

Yule mama wa Chwele atakuwa na mistari miwili katika `mkulima_zao`, mmoja wa mahindi na mmoja wa maharagwe, na hata akiyapanda katika shamba moja kama tunavyofanya sote huku, kila mstari utakuwa na maelezo yake. Hifadhidata nayo itakulinda: ukiweka funguo za kigeni, yaani kanuni kwamba kila `zao_id` sharti iwemo katika jedwali la `mazao`, haitakubali zao lisilokuwapo, ilhali safu ya nambari itapokea 200 bila kuuliza neno.

Kuna suala la faharasa pia, ile orodha iliyopangwa ambayo hifadhidata huitumia kutafuta haraka. Ukiandika `WHERE (mazao & 2) = 2`, MySQL haiwezi kuitumia faharasa ya kawaida ya safu ya `mazao` kuwatafuta wakulima hao, kwa sababu faharasa imepangwa kwa ukubwa wa nambari, na wanaopanda maharagwe wametawanyika humo: 2, 3, 6, 7, 10, 11, na kadhalika. Itabidi isome mstari baada ya mstari. Sitaki kukutisha kwa hilo. Kwa wakulima elfu chache hutahisi chochote. Lakini kuna gharama nyingine ninayoiona nzito zaidi, nayo ni ya binadamu. Siku moja wewe hutakuwapo, na mtu mwingine atafungua jedwali hilo akute 41 mbele ya jina la mkulima. Bila enamu yako mkononi, hiyo 41 haimwambii kitu.

MySQL ina aina ya safu iitwayo SET ambayo hufanya kazi hii ya biti kwa niaba yako na kukuonyesha majina badala ya nambari, na inaruhusu hadi majina 64. Nimewahi kuitumia. Shida yake ni kwamba orodha ya majina imo ndani ya muundo wa jedwali, kwa hiyo kuongeza zao ni kubadilisha jedwali lenyewe, na tunarudi pale pale.

Siku za soko ni habari tofauti kabisa, na hapo ninaungana na fundi kwa moyo wote. Siku ni saba. Hakuna mkutano wa chama utakaoongeza ya nane. Hazina ekari wala msimu, mtu ama huenda soko siku hiyo ama haendi. Biti saba zikiwa zote zimewashwa zinakuwa 127, ambayo inaingia sawasawa katika TINYINT ya MySQL, yaani baiti moja tu kwa kila mkulima. Hiyo ndiyo sehemu ambayo alama za biti zilizaliwa kwa ajili yake.

Jambo la mwisho, ambalo halihusu biti peke yake: visanduku vya fomu ya wavuti vikiwa vitupu vyote, kivinjari hakitumi chochote kwa swali hilo. Usikubali programu yako ichukulie ukimya huo kuwa 0. Sifuri maana yake ni kwamba mkulima aliulizwa akasema haendi soko siku yoyote. NULL maana yake ni kwamba hakuulizwa. Hao ni watu wawili tofauti, na afisa wa nyanjani anahitaji kujua ni yupi wa kumtembelea.

---

fundi_wa_Nyalenda alijibu:

Mwalimu, kuhusu ekari umenishinda na ninakubali. Nilikuwa nikijibu swali lililoulizwa bila kuangalia swali litakalokuja. Ninabaki na neno moja tu la kutetea biti: kwa programu ya simu ambayo hufanya kazi mahali pasipo na mtandao, kuhifadhi nambari moja ndani ya simu na kuitafsiri kuwa mistari wakati wa kupeleka kwenye seva ni jambo la busara, mradi tafsiri ifanyike mahali pamoja na ijaribiwe.

---

dada_wa_takwimu (Nakuru) alijibu:

Ninashukuru kwa mjadala huu, na kwa kuwa mwalimu ameidhinisha biti kwa siku za soko, ninaomba kumtahadharisha kijana kuhusu shimo nililotumbukia mimi. Siku ni saba kweli, lakini ipi ni ya kwanza?

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna jibu letu, limo ndani ya majina yenyewe: Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Tarakilishi haziko hivyo, tena zenyewe kwa zenyewe hazipatani. Katika JavaScript, `getDay` hutoa 0 kwa Jumapili. Katika .NET, `DayOfWeek` vilevile huanza na Jumapili kama 0. Katika Python, `weekday` hutoa 0 kwa Jumatatu, na `isoweekday` hutoa 1 kwa Jumatatu hiyo hiyo.

Miaka michache iliyopita nilifanya kazi mahali ambapo tulikuwa tukiratibu malori ya viazi kutoka upande wa Molo kwenda masoko ya Kisumu. Programu ya simu iliandikwa kwa JavaScript na mwenzangu, naye alipata biti ya kila siku kwa kuandika `1 << getDay()`. Ratiba ya malori niliiandika mimi kwa Python, nami nikasoma biti zile kwa kufuata `weekday`. Kila mmoja wetu alikuwa sahihi upande wake. Soko la Kibuye hufurika Jumapili; kwenye simu Jumapili ilihifadhiwa kama 1, na ratiba yangu ikaisoma 1 hiyo kuwa Jumatatu. Dereva alifika asubuhi na mapema akiwa na magunia, akakuta nafasi ni tele na wanunuzi wachache, na mama aliyekuwa ameagiza mzigo akamwonyesha mabaki ya maganda ya jana chini. Nilimsikia kwenye simu akiuliza kwa upole ni nani aliyempangia safari. Nilipoangalia kumbukumbu za wiki nyingi nyuma niligundua kwamba kila siku ilikuwa imesogea kwa siku moja, na kwamba masoko ya katikati ya wiki yalikuwa yamechelewa vivyo hivyo bila mtu kulalamika, kwa sababu wateja walidhani ndiyo desturi yetu.

Tangu hapo nimeshika kanuni mbili ambazo siziachi. Ya kwanza, siku zina enamu yake yenyewe, kila siku ikiwa imetajwa kwa jina na nafasi yake, na hakuna mahali katika msimbo ambapo biti inatengenezwa kwa kusogeza nambari iliyotolewa na kalenda ya lugha ya programu:

```
enum SikuZaSoko
{
    Hakuna   = 0,
    Jumamosi = 1 << 0,
    Jumapili = 1 << 1,
    Jumatatu = 1 << 2,
    Jumanne  = 1 << 3,
    Jumatano = 1 << 4,
    Alhamisi = 1 << 5,
    Ijumaa   = 1 << 6
}
```

Nimeanza na Jumamosi kwa makusudi, ili mtu yeyote anayedhani anajua mpangilio kwa mazoea ya JavaScript au Python alazimike kuja kusoma hapa. Ya pili, nambari haivuki mpaka kati ya programu na programu. Simu hupeleka majina, "Jumapili" na "Alhamisi", na seva ndiyo pekee inayoyageuza kuwa biti na kuyarudisha kuwa majina. Maneno ni marefu kidogo kuliko nambari, lakini mtu akiyaona njiani anayaelewa.

Halafu kuna jambo dogo la mabano ambalo humnasa anayetoka lugha moja kwenda nyingine. Katika JavaScript, ukiandika `siku & 4 == 4` bila mabano, kinachokokotolewa kwanza ni `4 == 4`, jibu lake ni kweli, ambayo huhesabiwa kuwa 1, na swali lako linageuka kuwa `siku & 1`. Kwa enamu hii umeuliza Jumatatu, ukajibiwa Jumamosi. Katika Python maandishi hayo hayo yanafanya kazi ipasavyo, kwa kuwa huko `&` hutangulia. C# itakataa kuyajenga. Weka mabano kila mahali, hata pale ambapo hayahitajiki.

Vilevile, siku ukiamua kutumia biti kwa orodha ndefu zaidi ya siku saba, kumbuka kwamba JavaScript hufanya operesheni hizi kwa biti 32 zenye ishara. `1 << 31` hutoa nambari hasi, -2147483648, na `1 << 32` hurudi kuwa 1. Haitakupa onyo lolote.

---

kijana_wa_Kanduyi alijibu:

Ninawashukuru sana, fundi, mwalimu na dada. Nimesoma majibu yenu mara mbili na nimeamua kufuata ushauri wa mwalimu kwa mazao na wa dada kwa siku za soko. Jana nilitengeneza majedwali yale matatu, na nikaongeza safu ya ekari ingawa bado haijaulizwa, kwa sababu nilipomtajia katibu wa chama alisema walikuwa wanataka kuniuliza mwezi ujao.

Nimebaki na swali moja. Je, niifute safu ya zamani ya `mazao`, au niihamishe kwanza kwa wale wenye 1, 2 na 4 ambao fundi amesema wanaaminika?

---

fundi_wa_Nyalenda alijibu:

Usiifute sasa. Ibadilishe jina iwe `mazao_ya_zamani`, ondoa msimbo wote unaoiandikia, na iache ikae hapo hadi karatasi ya mwisho itakapoingizwa. Wenye 1, 2 na 4 wahamishe kwa hati moja fupi ya SQL, lakini wape alama kwamba walihamishwa na si kwamba walithibitishwa, kisha chukua karatasi za watu kumi au ishirini miongoni mwao uzilinganishe kwa macho. Mimi nimehesabu kwa kudhani kwamba programu yako iliunganisha kwa `|` tangu siku ya kwanza. Ikiwa kuna toleo la mwanzo lililojumlisha kwa `+`, hata hiyo 4 inaweza kuwa ni mahindi na wimbi, yaani 1 na 3.

Wengine wote waingize upya kutoka kwenye karatasi. Anza na vijiji ambavyo vitapokea mbegu kwanza.

---

kijana_wa_Kanduyi alijibu:

Nimeangalia historia ya msimbo. Toleo la wiki mbili za mwanzo lilitumia `+`. Sikukumbuka kabisa, na nisingeangalia kama usingetaja. Kwa hiyo waliosajiliwa katika wiki hizo mbili nitawaingiza wote kutoka kwenye karatasi bila kujali nambari yao, na waliofuata nitawahamisha jinsi ulivyoeleza.

Karani na mimi tumeanza leo asubuhi, yeye akisoma fomu kwa sauti nami nikiingiza. Tumeanza na Chwele. Fomu ya yule mama ilikuwa ya nne kutoka juu, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, tiki mbili zinazoonekana wazi, na pembeni afisa alikuwa ameongeza kwa mkono "robo tatu ekari". Hiyo 0.75 sasa imepata mahali pa kukaa.